Je, Wajua? Daktari Aliyekatiza Kiamsha Kinywa Ili Atazame

Je, wajua kwamba siri ya mmoja wa minyoo wabaya kabisa wa nyama ya nguruwe ilianza kufichuka mezani, wakati wa kula?

Mji ni Philadelphia, Marekani, na mwaka ni 1846. Joseph Leidy ni daktari kijana ambaye hajatimiza hata miaka 25. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekwisha kula nusu ya kipande cha nyama alipoona vitone vidogo vyeupe katika nusu iliyobaki. Mwenye njaa angemalizia, na mwenye kinyaa angesukuma sahani. Leidy alikumbuka kitu. Vitone kama hivyo alikuwa ameviona siku chache kabla, si jikoni, bali katika misuli ya maiti aliyokuwa akiipasua katika chumba cha anatomia. Akaibeba ile nyama hadi kwenye hadubini. Ndani ya kila kitone akakuta mnyoo mdogo amejizungusha kama nyoka aliyelala.

Mnyoo mwenyewe hakuwa mgeni. Mwaka 1835 James Paget, mwanafunzi wa udaktari jijini London, alimwona katika maiti ya mtu, na mtaalamu Richard Owen akampa jina la Kilatini. Ila hakuna aliyejua anamwingiaje binadamu. Kipande cha Leidy kiliwaonyesha wataalamu pa kuanzia kutafuta. Wajerumani walikuja kuimalizia kazi hiyo: mwaka 1860, mjini Dresden, Friedrich Zenker alikuta misuli ya mtumishi mmoja wa kike, aliyefariki akiwa kijana, imejaa minyoo hao, akafuatilia mpaka kwa nguruwe aliyechinjwa wakati wa Krismasi. Mtu akila nyama isiyoiva, viluwiluwi wa mnyoo hutoka katika vifuko vyao tumboni na kukua ndani ya utumbo. Mama mnyoo huzaa watoto wanaosafiri kwa damu hadi kwenye misuli, na huko wanajifungia wakisubiri mwenye kula tena. Moto wa kutosha jikoni unawaua.

Na jambo hili si la Ulaya na Marekani tu. Mwaka 1961 watafiti waliandika juu ya mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo kurekodiwa Afrika kusini mwa Sahara. Ulitokea Kenya, kwa watu waliokula nyama ya nguruwe-mwitu. Aina ya mnyoo wa huku kwetu, anayeishi katika wanyama wa porini, leo inaitwa *Trichinella nelsoni*, kwa heshima ya George Nelson, mmoja wa watafiti hao.

Mchora mabango

Leidy alizaliwa tarehe 9 Septemba 1823. Baba yake, Philip, alikuwa mtengeneza kofia, wa ukoo uliotoka Ujerumani. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili, na baba akamwoa binamu wa marehemu. Huyo ndiye aliyemlea Joseph kama wa tumbo lake.

Mtoto alikuwa na mkono wa ajabu. Kuna kitabu kidogo alichochora akiwa na umri wa miaka 10, kimejaa makombe na magamba ya konokono, kila moja na jina lake. Baba alipouona mkono ule alifikiria riziki: mtoto awe mchora mabango ya maduka. Mama wa kambo alikataa katakata. Huyu atakuwa daktari, alisisitiza, na neno lake ndilo lililosimama. Mimi huwafikiria sana wanawake wa namna hii, ambao historia huwataja kwa mstari mmoja halafu ikaendelea na safari zake. Bila mama yule, huenda Philadelphia ingepata mabango mazuri sana, na sayansi isingepata chochote.

Mwaka 1844 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Tasnifu yake ilihusu jicho la wanyama wenye uti wa mgongo. Akafungua chumba cha kutibia, lakini uganga haukumkaa. Baada ya miaka kama miwili akauacha. Kilichomwinua kilikuwa konokono. Amos Binney wa Boston alikuwa akiandaa kitabu kikubwa cha konokono wa nchi kavu wa Marekani, naye alihitaji mtu wa kuwapasua na kuwachora viungo vya ndani. Leidy akafanya yote mawili kwa ustadi ambao wataalamu hawakuwahi kuuona nchini mwao. Mwaka 1845 Akademia ya Sayansi Asilia ya Philadelphia ikampokea kuwa mwanachama, na kuanzia hapo hakuiacha hadi kufa kwake; miaka kumi ya mwisho alikuwa rais wake. Mwaka 1853 akawa profesa wa anatomia katika chuo kilekile alichosoma. Alifundisha hapo miaka 38.

Kuku au mtu?

Je, wajua kwamba Leidy anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia hadubini kumnasa muuaji?

Mshtakiwa alikutwa na damu kwenye nguo na kwenye shoka. Alikuwa na jibu tayari: ni damu ya kuku, nilikuwa nachinja. Leidy akapewa ile damu aitazame. Ukiweka damu ya kuku chini ya hadubini, katikati ya kila seli nyekundu utaona kiini, kama kokwa ndani ya tunda. Seli nyekundu za mtu mzima hazina kiini. Katika damu ya mshtakiwa Leidy hakuona kiini hata kimoja.

Mtu mwingine angekwenda mahakamani papo hapo. Leidy alijiuliza kwanza: je, haiwezekani kwamba viini vya damu ya kuku hupotea damu ikikaa nje? Akachukua damu ya kuku, akaiacha saa nyingi, akairudia. Viini vilikuwa palepale. Inasimuliwa kwamba mshtakiwa, alipoelezwa hayo, alikiri.

Kumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na alama za vidole mahakamani, na kipimo cha kutenganisha damu ya binadamu na ya mnyama mwingine kilipatikana mwaka 1901 tu, kwa kazi ya Mjerumani Paul Uhlenhuth. Njia ya Leidy ilikuwa na mpaka wake: ilitenganisha ndege na wanyama wanyonyeshao, basi. Mshtakiwa angedai ni damu ya mbuzi, hadubini ingenyamaza. Na angedai ni damu ya ngamia angeumbuka vilevile, maana seli nyekundu za ngamia hazina kiini lakini zina umbo la yai, tofauti na za wanyama wanyonyeshao wengine walio wengi.

Ngamia wa Nebraska

Tukiwa hapo kwa ngamia. Je, wajua kwamba ukoo wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini?

Katikati ya karne ya 19, wasafiri na wafanyabiashara wa ngozi walikuwa wakirudi kutoka nchi kavu za mto White, katika eneo ambalo leo ni Dakota Kusini na Nebraska, wakiwa na mifupa iliyogeuka jiwe. Mingi iliishia mezani kwa Leidy. Mwaka 1847 alieleza fuvu la mnyama mdogo, wa ukubwa wa mbuzi hivi, akamwita *Poebrotherium*. Leo tunajua huyo ni wa ukoo wa ngamia, na aliishi zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Vizazi vya ukoo huo viliendelea kukua na kubadilika Amerika. Baadhi wakaenda kusini na kuwa lama. Wengine wakavuka ile nchi kavu iliyounganisha Alaska na Asia, na hatimaye wazao wao wakafika Uarabuni na Afrika. Ngamia anayebeba madumu ya maji leo kule Marsabit ana babu zake waliozikwa Nebraska. Huko kwao wenyewe walitoweka kabisa.

Meza ya Leidy ilizidi kujaa. Walikuja vifaru wa Amerika. Akaja mnyama aliyemshangaza, mwenye mwili wa kufananishwa na nguruwe na meno ya mnyama anayecheua. Mwaka 1853 akaeleza taya kutoka Natchez, Mississippi, la simba mkubwa kuliko simba wetu.

Wa kunigusa zaidi ni farasi. Kila mtu alijua kwamba Wahindi Wekundu hawakuwa na farasi mpaka Wahispania walipowaleta. Columbus aliwavusha katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Kwa hiyo meno ya farasi yalipofukuliwa pamoja na mifupa ya wanyama wa kale, wengi waliona ni ya farasi wa mkulima fulani aliyezikwa juzi. Mwaka 1847 Leidy alionyesha kwamba sivyo: Amerika ilikuwa na farasi wake wa asili, wakafa wote, na bara likakaa maelfu ya miaka bila kusikia kwato. Wahispania waliwarudisha farasi kwao bila kujua.

Mjusi aliyesimama

Mwaka 1858 William Parker Foulke, mwanachama wa Akademia, alikuwa mapumzikoni Haddonfield, New Jersey. Jirani yake, mkulima aitwaye John Hopkins, akamwambia kwamba miaka 20 nyuma, wachimbaji wa udongo wa kurutubisha mashamba walikuta mifupa mikubwa katika shamba lake. Iko wapi? Aliigawa. Wageni walikuja, wakapenda, wakabeba.

Foulke hakukata tamaa. Alitafuta lile shimo la zamani lililokwisha kuota majani, akaajiri vibarua, wakachimba. Pingili za mgongo zikatoka, mifupa ya miguu, nyonga, vipande vya taya, meno. Leidy akaitwa. Kufikia wakati huo hapakuwa na mifupa ya dinosaria mmoja iliyokamilika kiasi hicho popote duniani, ingawa fuvu lilikosekana. Akamwita *Hadrosaurus foulkii*, na kwa jina hilo Foulke akapata heshima yake.

Kisha Leidy akatazama urefu. Mfupa wa paja ulikuwa mkubwa mno, na wa mkono mdogo kwa kulinganisha. Huko London, tangu 1854, watu walikuwa wakilipa kwenda kuona sanamu za dinosaria katika bustani ya Crystal Palace, na sanamu hizo zilikuwa na miguu minne mizito kama ya kifaru. Leidy akasema huyu wa kwake aliweza kusimama kwa miguu ya nyuma, kama kangaruu.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1868, mifupa ile ilisimamishwa ndani ya Akademia, dinosaria wa kwanza duniani kuonyeshwa kwa mifupa iliyounganishwa. Fundi aliyeisimamisha alikuwa Benjamin Waterhouse Hawkins, yuleyule aliyezijenga sanamu za miguu minne za London. Ninampenda Hawkins kwa hilo. Alivuka bahari akaijenga kwa mikono yake hoja iliyopingana na kazi yake mwenyewe. Kwa kuwa fuvu halikuwepo, alibuni kichwa cha plasta kwa kuiga mjusi wa aina ya iguana. Watu walifurika hata jengo likaonekana dogo, na mwaka 1876 Akademia ikahamia jengo jipya. Tangu 1991, *Hadrosaurus* ni dinosaria rasmi wa jimbo la New Jersey.

Vita vya mifupa

Leidy alikuwa na mwanafunzi mwenye akili kali na hasira kali zaidi, Edward Drinker Cope. Mwaka 1868 Cope alieleza mnyama wa baharini mwenye shingo ndefu ajabu, *Elasmosaurus*, akamchora, akachapisha. Mwezi Machi 1870, mbele ya wanachama wa Akademia, Leidy alieleza kwa upole kwamba mnyama amegeuzwa: kichwa kimewekwa mwisho wa mkia. Cope alihangaika kununua nakala zote za chapisho lake zisije zikasomwa. Wengi husimulia kwamba aliyegundua kosa ni hasimu wake, Othniel Charles Marsh wa Yale, kwa sababu Marsh mwenyewe alilisimulia hivyo baadaye. Aliyelitangaza ni Leidy.

Kisha Cope na Marsh wakaanza vita. Walikuwa matajiri, kila mmoja akiwa na vibarua wake wa kuchimba, wapelelezi wake, na waya wa telegrafu tayari. Katika kiangazi cha 1872 wote watatu walichimba Wyoming, na wote watatu wakakuta mifupa ya mnyama mmoja, dubwana lenye pembe sita butu. Kila mmoja alikimbilia kumpa jina. Cope alituma la kwake kwa telegramu, na njiani herufi zikavurugika, likachapishwa jina ambalo hata yeye hakulitambua. Jina linalotumika hadi leo ni la Leidy: *Uintatherium*.

Lakini mifupa aliyozoea kutumiwa bure sasa ilikuwa ikinunuliwa kwa fedha asizokuwa nazo. Hakupigana. Aliliacha taratibu shamba alilolilima mwenyewe kwa zaidi ya miaka ishirini, wakabaki wenye fedha wakigombana.

Watu wengi husoma hapo kushindwa. Mimi nasoma kitu kingine, kwa sababu ya kile alichokwenda kukifanya.

Ndani ya tumbo la mchwa

Alikwenda kwenye madimbwi. Kwa fedha kidogo tu, chupa, na hadubini yake, akaanza kuchota tope la maji baridi, kutoka mitaro ya Philadelphia hadi milima ya Uinta, akitafuta amiba na jamaa zao. Mwaka 1879 kikatoka kitabu chake cha viumbe hao wa Amerika Kaskazini, chenye kurasa 48 za michoro ya rangi. Mkono ule uliokuwa uchore mabango ya maduka ulichora tone la maji mpaka likawa nchi yenye wakazi.

Na aliwahi kutazama mahali penye giza zaidi ya tope. Sisi tuliokua tukiokota kumbikumbi chini ya taa baada ya mvua tunawajua mchwa wakubwa na wadogo, wa kula na wa kuharibu. Leidy aliwachukua mchwa wa Marekani, wale wanaokula mbao, akaupasua utumbo wao mwembamba kuliko uzi. Kwa maneno yake mwenyewe, vilivyomiminika humo vilikuwa kama umati unaotoka mlangoni mwa ukumbi uliojaa. Vijidudu kwa maelfu, vimevaa nywele ndefu zinazopepea, vikijinyonga na kuzunguka. Mwaka 1877 akavipa jina *Trichonympha*.

Yeye aliviita vimelea. Miaka ya 1920, Lemuel Cleveland alionyesha kwamba mchwa hao wakinyang'anywa vijidudu vyao wanaendelea kula mbao kama kawaida, na wanakufa kwa njaa. Ni vijidudu vinavyoyeyusha mbao kuwa chakula. Mchwa wetu wanaojenga vichuguu virefu wamechukua njia nyingine: hawana vijidudu hivyo, badala yake wanalima ukungu ndani ya kichuguu, na ukungu huo ndio unaowalainishia chakula. Ule uyoga mkubwa mtamu unaochipuka kichuguuni baada ya mvua ni mavuno ya shamba lao.

Nzi na safura

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, Leidy alifanya kazi katika Hospitali ya Satterlee, Philadelphia, iliyolaza majeruhi kwa maelfu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapasua waliokufa ili ijulikane wameuawa na nini. Katika wodi alizoea kuona nzi wakitua kwenye kidonda kilichooza, wakaruka, wakatua kwenye kidonda safi cha jirani. Miaka kadhaa baadaye alikamata nzi waliotoka kutua juu ya uyoga unaonuka mzoga, akakuta wamejaa mbegu za uyoga ule. Mwaka 1871 akaieleza Akademia kwamba nzi wanaweza kubeba maradhi kwa njia hiyohiyo. Ilikuwa bado miaka mingi kabla ya madaktari wengi kulichukulia jambo hilo kwa uzito.

Mwaka 1886 alisema jingine, tena kwa ufupi tu. Alikuwa amempata mnyoo wa safura ndani ya paka, akadokeza kwamba huenda minyoo wa aina hiyo ndio wanaowakausha damu baadhi ya watu wa Marekani. Hakupata nafasi ya kulifuatilia. Mwaka 1902 Charles Wardell Stiles akamweleza mnyoo wa safura wa binadamu aliyewanyonya nguvu maskini wa majimbo ya Kusini, watembea peku, ambao kwa miaka walikuwa wakiitwa wavivu. Leo mnyoo huyo anaitwa *Necator americanus*, yaani muuaji wa Kimarekani. Wataalamu wengi wanaamini kwamba hakuwa Mmarekani: aliletwa kutoka Afrika, ndani ya miili ya watu waliofungwa minyororo kwenye meli za watumwa.

Kitabu, na mwanamke asiye na jina

Hapa nakuja mahali ambapo sina raha, na nisingekuwa mkweli kama ningepapita.

Mwaka 1861 Leidy alichapisha kitabu cha kufundishia anatomia ya binadamu. Nakala moja, ya kwake binafsi, imo katika maktaba ya Chuo cha Matabibu cha Philadelphia. Ndani yake ameandika kwa mkono kwamba ngozi iliyotumika kujalidi ni ngozi ya binadamu, askari aliyekufa katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe. Vipimo vya karne hii vimethibitisha ni kweli. Hakuandika jina la askari.

Katika jumba la makumbusho la chuo hichohicho, Mütter, amelala mwanamke ndani ya kioo. Alizikwa katika ardhi yenye unyevu isiyopitisha hewa, na mafuta ya mwili wake yakageuka kuwa kitu kama sabuni nzito inayohifadhi umbo. Makaburi ya zamani ya mji yalipokuwa yakihamishwa, Leidy alizipata maiti mbili za namna hiyo, ya mwanamume na ya mwanamke, na ya mwanamke akaikabidhi makumbusho miaka ya 1870. Alieleza kwamba jina lake lilikuwa Ellenbogen na kwamba alikufa kwa homa ya manjano mwaka 1792. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walisimama mbele ya kioo wakisoma hayo. Miaka ya 1980 mwili ulipigwa eksirei. Zikaonekana pini na vifungo vya nguo vya aina ambayo haikutengenezwa mpaka karne ya 19. Mwaka 1792 hakuwa amekufa. Jina nalo halina ushahidi.

Mtu huyu alisubiri saa nyingi kuona kama kiini cha damu ya kuku kitapotea, asije akamsingizia mshtakiwa. Alijua tofauti ya jino la farasi wa juzi na la farasi wa kale. Amiba wa mtaroni alipewa jina lake sahihi na mchoro wa rangi. Mwanamke huyu alipewa jina lisilo na ushahidi.

Na hakuwa peke yake. Vyumba vya anatomia vya zama hizo viliishi kwa maiti za maskini na wasio na wa kuwasemea. Mwaka 1882 Philadelphia ilitikiswa ilipobainika kwamba makaburi ya Lebanon, walikozikwa Wamarekani Weusi, yalikuwa yakifukuliwa usiku na maiti kupelekwa kwa wanafunzi wa udaktari. Chuo kilichohusika hakikuwa cha Leidy. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria mpya ya maiti za kufundishia, na sheria hiyo iliendelea kuwachukua wasio na mtu wa kuwadai.

Ubongo kwa ubongo

Jambo la mwisho. Je, wajua kwamba Leidy naye alipasuliwa?

Mwaka 1889 yeye na madaktari wenzake kadhaa walianzisha chama ambacho kila mwanachama aliahidi kwamba akifa, ubongo wake utatolewa na kuchunguzwa na waliobaki. Hoja yao ilikuwa kwamba elimu imesoma vya kutosha bongo za maskini na wahalifu, na wasomi nao watoe zao. Leidy mwenyewe alihesabika miongoni mwa wasomi hao: London walimtunuku medali ya Lyell mwaka 1884. Ufaransa ilimpa tuzo ya Cuvier mwaka 1888. Tarehe 30 Aprili 1891 alifariki, na ahadi ikatimizwa.

Cope, yule mwanafunzi aliyeweka kichwa mkiani, alifariki mwaka 1897 akiwa ametumia karibu mali yake yote katika vita ya mifupa. Naye alikuwa mwanachama. Mwaka 1907 Edward Anthony Spitzka alichapisha uchunguzi wa bongo za wasomi sita wa chama hicho, na mwalimu na mwanafunzi wamo humo pamoja, kila kunjo la ubongo wa kila mmoja limepimwa na kuchorwa.